Geji ya Pikipiki Ilivyoniumbua Makongo

USINICHEKE, msomaji wangu. Najua mpo kibao hapa mjini mliokwisha kusukuma pikipiki juani huku mshale wa mafuta unaonyesha robo tenki, na mtu akiuliza mnamjibu "plagi imezingua" ili kulinda heshima. Mimi leo natoboa. Niliishiwa wese asubuhi kweupe, mdogo wangu wa kike yuko nyuma ya siti anawahi mtihani wa chuo, na geji ilikuwa imeshaniambia usiku wake kwamba mambo ni shwari.

Ilikuwa hivi. Sisi tunakaa Goba. Jioni ya siku moja kabla ya mtihani, mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, kesho utanipeleka, au nikalale kwa rafiki yangu karibu na chuo?" Nikamwangalia kama mtu aliyenitukana. Nina pikipiki yangu, nimeinunua kwa jasho langu, halafu mdogo wangu akalale kwa watu? Nikatoka hadi barazani ilipoegeshwa kwa stendi ya pembeni, nikawasha swichi. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama kwenye robo, au tuseme nywele moja chini ya robo.

Nikapiga hesabu za kitaalamu. Tenki langu linachukua lita 11. Robo yake ni karibu lita 3. Pikipiki yangu inakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa lita moja. Yaani nina kilomita zaidi ya 100 ndani ya tenki, na kutoka Goba kupitia Makongo hadi chuoni hata kilomita 20 hazifiki. Nikarudi ndani kifua mbele. "Kesho saa 1 na robo tunatoka," nikamwambia. Nikalala fofofo.

Mtihani ulikuwa unaanza saa 2 kamili, na utaratibu wao ni kwamba ukichelewa nusu saa, mlango umefungwa, utarudi mwakani. Tulitoka kwa wakati. Barabara ya Goba kwenda Makongo ina vilima vyake, unapanda unashuka, na asubuhi magari yamejaa. Tukiwa tunateremka mteremko mmoja, lori la mchanga liko nyuma yetu limetukalia kooni, pikipiki ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza kimya.

Sijui kama umewahi kuzimikiwa pikipiki kwenye mteremko huku lori linakupigia honi mgongoni. Sikutamani hata kugeuka. Nilichofanya ni kuiacha itembee kwa nguvu ya mteremko, nikaisogeza pembeni kwenye kokoto, lori likapita na vumbi lake na matusi ya dereva juu yake.

"Kaka, vipi tena?"

"Tulia, itakuwa uchafu kwenye kabureta."

Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Kiki ya kumi jasho limeshaloanisha shati. Ndipo nikaitazama geji, na safari hii pikipiki ikiwa wima katikati ya miguu yangu. Mshale ulikuwa umelala chini ya E kama mtu aliyekwishakata roho. Robo ya jana iko wapi? Nikasema si kitu, kuna rizevu. Nikapeleka mkono chini ya tenki niigeuze koki. Mama yangu! Koki ilikuwa iko rizevu tayari. Nikakumbuka wiki iliyopita niliishiwa pale Tangi Bovu, nikaigeuza, nikaenda sheli nikaweka mafuta, sikuirudisha. Wiki nzima nilikuwa nakula akiba bila habari.

Mdogo wangu hakusema neno. Alishuka, akakunja mkoba wake kwapani, akaanza kupungia bodaboda. Asubuhi ile kila moja ilikuwa na abiria. Akatembea, mimi nasukuma nyuma yake kama mzigo wa aibu. Ilipofika saa 2 kasoro dakika 5 ndipo mmoja akasimama, akataja bei ya kumkomoa, akalipa kwa hela yake ya chakula cha mchana. Jicho alilonikata wakati anaondoka bado ninalo hadi leo.

Lakini kilichoniuma zaidi ya jicho lile kilikuja dakika kumi baadaye. Nilifika kwenye kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe. Jamaa mmoja akaniangalia ninavyohema. "Braza, wese?"

"Limekata."

"Ilaze."

"Niilaze vipi?"

Akanipokonya usukani. Akaiinamisha pikipiki upande wa kushoto hadi mguu wa kukanyagia ukakaribia kugusa ardhi. Nikasikia ndani ya tenki, chubwi, kitu kinamiminika. Akaisimamisha wima, kiki mbili, ikawaka! "Haya, wahi sheli kabla haijabadili mawazo," akaniambia huku anacheka.

Mafuta yalikuwemo! Wakati mdogo wangu anahangaika barabarani, wese lilikuwa ndani ya tenki, mimi nimesimama juu yake na kiherehere changu cha kiki.

NINI KILITOKEA?

Jioni ile nilikwenda kwa fundi wangu, mzee mmoja aliyeanza kushika spana tangu enzi za zile Yamaha DT na Honda XL walizokuwa wakipewa mabwana shamba. Akaniambia kwanza nikae chini. "Mwanangu," akasema, "zile za zamani hazikuwa na geji kabisa. Mtu alikuwa anafungua kifuniko, anatikisa, anachungulia, anajua. Ninyi mmepewa mshale, mkaacha kuchungulia."

Akatoa tenki, akalipindua. Na hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia siku nanunua pikipiki.

Tenki la pikipiki si ndoo. Ukilitazama kwa chini lina bonde katikati, kwa sababu limelipanda bomba la chasisi kama mtu aliyepanda ukuta, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Yakiwa mengi, mafuta yanafunika kote. Yakipungua, yanagawanyika makundi mawili, ya kushoto na ya kulia, na katikati kuna mlima. Koki ya mafuta kwenye pikipiki yangu iko kushoto. Kwa hiyo yale ya kulia hata yakiwa nusu lita, injini haiyaoni. Ukiilaza pikipiki kushoto, yanavuka mlima. Ndio ule uchawi wa yule jamaa wa kijiweni. Mteremko nao ulichangia, maana mafuta yalikimbilia mbele, na koki iko nyuma.

Sasa geji yenyewe. Ndani ya tenki kuna boya, ndugu yake na lile la kwenye tenki la maji nyumbani, ila hili ni dogo, limefungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka. Ule mkono kwenye mzizi wake unasugua kipande chenye waya mwembamba sana uliosokotwa. Unaposogea, umeme unaopita unaongezeka au kupungua, na huko juu kwenye dashibodi mshale unasogea. Basi. Hakuna mtu anayepima lita humo ndani. Kinachopimwa ni boya limekaa juu kiasi gani, tena mahali pamoja tu pa tenki, tena upande mmoja.

Umeliona tatizo? Boya la pikipiki yangu liko upande wa kushoto. Ukiiegesha kwa stendi ya pembeni inaegemea kushoto, mafuta yanalalia upande huohuo, boya linanyanyuka, mshale unapanda. Ile robo niliyoiona barazani ilikuwa robo ya stendi. Na wewe ambaye boya lako liko kulia usifurahi, yako itakudanganya kinyume chake, itakuonyesha huna kumbe unayo. Angalau uongo wa namna hiyo haumlazi mtu njiani.

NIKAAMUA KUIPIMA

Mimi ni mtu wa kutoamini hadi nione, kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mzee na kopo lake la lita moja. Tulifanya kazi nje, kwenye upepo, injini imepoa, na mzee alimfukuza kijana mmoja aliyekuja na sigara hadi ng'ambo ya barabara. Nasema hivi kwa sababu wapo watu wanaowasha kibiriti usiku wachungulie tenki. Jamani, kinachowaka haraka ni ule mvuke wa petroli unaotoka mdomoni mwa tenki, na uso wako uko palepale!

Tukamwaga mafuta yote. Tukawasha swichi. Tukaanza kumimina kidogo kidogo, kila mara tunaangalia mshale mara mbili, pikipiki ikiwa wima kisha ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Mimi naandika kwenye daftari.

Nusu lita ya kwanza, mshale haujui kitu. Lita 1, wima, bado umelala. Tukaiweka kwenye stendi ya pembeni, ukaamka hadi nywele moja chini ya robo. Palepale! Nikamshika mzee mkono. Yaani jioni ile nilikuwa na lita moja au pungufu, nikaisoma lita 3, na sehemu ya hiyo moja ilikuwa upande wa kulia ambako koki haifiki.

Lita 2, wima, mshale ndio kwanza unatoka kwenye wekundu. Lita 3, robo kamili, hapo geji imesema kweli kwa mara ya kwanza. Lita 5 ukawa umeshapita nusu. Lita 8 ukagonga F. Tukatazamana na mzee. Tukamimina ya 9, ya 10, ya 11 hadi mafuta yakafika shingoni, mshale haukutikisika. Ulishafika mwisho wa safari yake, boya limegota juu.

Kwa hiyo ukijaza tenki langu, lita 3 za kwanza unatumia bure, geji iko F tu, zaidi ya kilomita 120 unajiona pikipiki yako hainywi mafuta. Halafu mshale ukianza kushuka unashuka kama umesukumwa. Lita 5 zinazofuata zinamaliza robo tatu yote ya geji.

Unaweza kudhani hili ni jambo la kuchekesha tu. Ngoja. Pale kijiweni nilimsikia tajiri mmoja anamsulubu dereva wake. Pikipiki ni ya tajiri, kijana anampelekea hesabu kila siku. Tajiri alijaza tenki mwenyewe siku ya kwanza. Siku mbili za mwanzo mshale F, siku ya tatu nusu imeondoka. "Unaninyonyea mafuta usiku unauza!" Kijana anaapa kwa mama yake mzazi. Siku hiyo sikujua la kusema, nikapita. Leo ningejua. Sisemi hakuna madereva wanaonyonya mafuta, wapo, ila huwezi kumfunga mtu kwa ushahidi wa boya.

Na kuna jambo lingine lililonikaa moyoni. Ni nani hapa mjini anayejaza tenki? Wachache. Wengi wetu tunafika sheli tunasema "niwekee ya elfu tano". Kwa bei za miaka hii, zile zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, elfu tano haifiki hata lita mbili. Sasa rudi kwenye daftari langu. Chini ya lita mbili ndiko mahali ambapo geji yangu imekufa, haioni kitu ikiwa wima, na inaongopa ikiwa kwenye stendi. Mwenye hela ya kujaza tenki anapata geji yenye afadhali. Sisi wa elfu tano, ambao ndio hasa tunahitaji kujua kama tutafika, tunaendesha kwa kubahatisha maisha yetu yote.

Usikariri namba zangu. Ya kwako ina tenki lake na boya lake. Hata pikipiki mbili za aina moja hazilingani, kwa sababu ule mkono wa boya ni mwepesi, ukigongwa wakati wa kusafisha tenki unapinda, na ukipinda hata kidogo kila kitu kinahama. Zipo ambazo boya limetoboka, limejaa mafuta, limezama, mshale uko E hata ukijaza hadi yamwagike. Zipo ambazo waya umelegea, ukipita kwenye matuta unaona mshale unacheza ngoma. Na waya ukikatika kabisa, nyingine zinabaki E na nyingine zinabaki F, inategemea zilivyotengenezwa. Ya kubaki F ndiyo ya kuogopa.

Wenye pikipiki mpya za geji ya vijumba vya mwanga nao wasijione wamefika. Ndani ya tenki kwa kawaida ni boya lilelile. Kilichobadilika ni kwamba badala ya mshale unaoshuka polepole, kijumba kinazimika ghafla, na kati ya kijumba kimoja na kingine huambiwi kitu. Tena nyingi kati ya hizo zisizo na kabureta hazina koki ya rizevu wala nini. Pampu ya mafuta imewekwa ndani ya tenki, na hayohayo mafuta ndiyo yanayoipoza, kwa hiyo ukizoea kuikausha unaiua pampu, na bei ya pampu si ya elfu tano.

KARATASI KWENYE TENKI

Mzee alinipa dawa yake, na ni ya bei ya karatasi ya kubandika. Nilijaza tenki hadi shingoni pikipiki ikiwa wima, mahali tambarare, nikaandika namba ya kilomita kwenye kikaratasi, nikakibandika juu ya tenki. Nikaendesha shughuli zangu za kawaida, foleni, abiria, Goba na vilima vyake. Baada ya kilomita 210 nikarudi sheli ileile, nikajaza tena hadi palepale. Zikaingia lita 5. Gawanya mwenyewe, ni kilomita 42 kwa lita. Nikarudia mara mbili kwa sababu sikuamini, tofauti ilikuwa ndogo. Nikimpakia mtu mzito na foleni ikikaza inashuka kidogo.

Kisha nikafanya jambo la pili, hili linataka moyo. Nilirudisha koki mahali pake pa kawaida, nikajaza, nikaendesha bila kuitazama geji hadi ikakohoa yenyewe. Hapo nikaigeuza rizevu ikaendelea. Nikasoma kilomita: 390 na kitu. Sasa najua, hiyo ndiyo kengele yangu. Rizevu, kwa wasiojua, si tenki la pili lililofichwa mahali. Ni tenki hilohilo. Ndani ya koki kuna vijibomba viwili, kirefu na kifupi. Kwenye hali ya kawaida unanyonya kwa kirefu, mafuta yakishuka chini ya mdomo wake injini inakohoa. Ukigeuza, unanyonya kwa kile kifupi kilichoko chini. Kwangu hapo katikati ilibaki kama lita moja na nusu. Ndiyo maana ukisahau kuirudisha, huna kengele tena. Siku inakata, imekata kweli.

Siku hizi nikifika kilomita 300 tangu nijaze, naenda sheli, mshale uwe popote unapotaka. Na siku ambazo sina hela ya kujaza, naandika nilichoweka na nilikotoka. Elfu tano yangu naihesabia kilomita 50 tu, zile nyingine namwachia mlima wa katikati ya tenki. Wenzangu kijiweni walinicheka, eti pikipiki imebandikwa plasta kama mgonjwa. Wawili wameshaniomba niwaonyeshe.

Mdogo wangu alifika ukumbini saa 2 na dakika 24. Walimwingiza. Swali la kwanza aliliandika mkono unatetemeka, alivyoniambia baadaye sana, maana wiki ya kwanza tulikuwa tunawasiliana kupitia kwa mama. Somo alifaulu, si kwa alama alizokuwa anazitaka, na hilo hajaacha kunikumbusha.

Juzi alikuwa na safari ya Mwenge, nikamwambia twende. Hakuiangalia geji. Alinyoosha mkono nimpe ufunguo, akafungua kifuniko cha tenki, akaishika pikipiki wima mwenyewe, akaitikisa, akachungulia. Kisha akainama akaitazama koki.

"Kaka," akasema, "washa."